Msimu wa wageni Karatu na Ngorongoro: neema ya miezi michache inavyoweza kuwa ya mwaka mzima

Na Mwandishi Wetu, Karatu

Mwezi Juni unapoingia, wakazi wa mji wa Karatu huvaa makoti. Mvua za masika zimekwisha, ukungu wa asubuhi hushuka kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya kahawa, na usiku, katika ukingo wa Kreta ya Ngorongoro ulio zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwetu huo ni mwanzo wa kipupwe. Kwa Ulaya na Marekani huo ni mwanzo wa majira ya joto, wakati shule zimefungwa na familia ziko likizo. Ndiyo maana katika siku zile zile ambazo mwenyeji anajifunika blanketi, barabara itokayo Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Lodoare hujaa magari ya watalii.

Kupishana huku kwa majira ndiko kulikojenga sehemu kubwa ya uchumi wa Karatu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hoteli hujaa, mafundi wa magari hukesha, wauzaji wa mboga, mayai na maziwa hupata soko la uhakika, na vijana waliosomea uongozaji wa watalii hukosa nafasi ya kupumzika. Mvua zinaporudi, hasa masika ya Machi hadi Mei, baadhi ya hoteli hupunguza wafanyakazi na nyingine hufunga kwa muda. Swali ambalo mwananchi anayefuatilia taarifa za sekta hii anapaswa kujiuliza ni hili: je, neema ya miezi michache inaweza kuenea katika mwaka mzima, ikawafikia watu wengi zaidi, bila kuiharibu rasilimali yenyewe inayowaleta wageni?

Mji unaofuata kalenda ya wengine

Takwimu za Serikali zinaonesha jinsi sekta hii ilivyo na nguvu na jinsi inavyoweza kuyumba. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020, baada ya janga la UVIKO-19 kufunga viwanja vya ndege duniani, idadi hiyo ilishuka hadi 620,867. Kwa lugha ya Karatu, maana yake ilikuwa magari yaliyoegeshwa kwa miezi, vyumba vitupu katika msimu ambao kwa kawaida hakipatikani hata kimoja, na mkulima wa karoti aliyerudi nyumbani na mzigo wake.

Kurejea kwa sekta kulikuwa kwa haraka. Mwaka 2021 walifika watalii 922,692, mwaka 2022 wakafika 1,454,920, na mwaka 2023 idadi ikapita ile ya kabla ya janga kwa kufikia 1,808,205. Mwaka 2024 nchi ilipokea watalii wa kimataifa 2,141,895. Filamu ya Tanzania: The Royal Tour, iliyozinduliwa Aprili 2022 huku Rais Samia Suluhu Hassan akiwa ndiye mwongozaji wa mgeni ndani yake, ilikuja katika wakati ambapo dunia ilikuwa inaanza kusafiri tena, na Kreta ya Ngorongoro ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyooneshwa.

Ukijumlisha watalii wa ndani, ambao kwa mwaka 2024 walizidi milioni 3.2, jumla ilivuka milioni 5, kiwango kilichokuwa kimewekwa kuwa lengo la mwaka 2025. Ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo, idadi peke yake haielezi mgeni alikaa siku ngapi, alilala wapi, alikula chakula kilichotoka shamba la nani, wala fedha yake ilibaki wilayani kwa kiasi gani. Mtalii anayetoka Arusha alfajiri, akateremka Kreta, akala chakula kilichofungwa Arusha na kurudi Arusha jioni, amehesabiwa sawasawa na aliyelala siku tatu Karatu. Kwa mfuko wa Karatu hawalingani hata kidogo.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala. Karatu imekuwa kwa miaka mingi mahali pa kulala kabla ya kwenda kwingine. Barabara ya lami kutoka Makuyuni hadi lango la Lodoare, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Serikali ya Japan, ilipunguza adha ya safari na kuufungua mji. Lami hiyo hiyo, hata hivyo, inampitisha mgeni kwa haraka zaidi. Ili abaki, ni lazima apate sababu ya kubaki.

Sababu za kubaki zipo

Wengi wanapotaja Ngorongoro humaanisha Kreta peke yake, na hawana kosa. Bonde hilo lilitokea baada ya mlima mkubwa wa volkano kubomoka na kudidimia zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kina chake ni takribani mita 600, na eneo la chini yake ni kama kilomita za mraba 260. Ndani yake wamo nyumbu, pundamilia, simba, fisi, viboko, tembo na faru weusi, wanaoonekana mwaka mzima kwa sababu maji na malisho hayakauki kabisa. Mgeni atakayeshangaa kutomwona twiga aelewe kwamba mnyama huyo hapatikani chini ya Kreta, kwani kuta zake ni za mwinuko mkali.

Lakini Hifadhi ya Ngorongoro ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 8,300, na Kreta ni sehemu ndogo tu. Kaskazini mashariki kuna Kreta ya Olmoti, ambako mgeni hutembea kwa miguu akiongozwa na askari wa uhifadhi mwenye silaha hadi yanakoanzia maporomoko ya mto Munge, mto ule ule unaoteremka kulisha Ziwa Magadi ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Mbele zaidi kuna Empakaai, kreta yenye msitu kwenye kuta zake na ziwa lenye kina kirefu chini, ambako makundi ya heroe huipaka kingo ya maji rangi ya waridi. Kuteremka Empakaai kwa miguu na kupanda tena ni kazi ya nusu siku inayohitaji mapafu na viatu imara. Kutoka hapo, siku ikiwa nyeupe, huonekana Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulio hai ambao lava yake ni ya aina isiyopatikana katika volkano nyingine yoyote iliyo hai duniani. Mlipuko wake mkubwa wa mwisho ulitokea mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008.

Magharibi ya Kreta kuna Bonde la Oldupai, ambako tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu lililokuja kujulikana kwa jina la Zinjanthropus, lenye umri wa takribani miaka milioni 1.75. Makumbusho ya hapo yalijengwa upya na kufunguliwa mwaka 2017. Si mbali na hapo ni Laetoli, zilikogunduliwa nyayo zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita na viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza husoma habari hizi darasani, na ni Watanzania wachache waliowahi kusimama mahali penyewe.

Wilaya ya Karatu nayo ina vyake. Kutoka upande wa mashamba ya kahawa huanza njia ya miguu iingiayo msituni hadi maporomoko ya Endoro na mapango ya tembo, ambako tembo wamechimba ukuta wa udongo kwa pembe zao kwa muda mrefu wakitafuta madini. Kusini magharibi, barabara ya vumbi hushuka hadi Mang'ola na ufuko wa Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lililo chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, ambalo maji yake hupungua sana wakati wa kiangazi. Huko wanaishi Wahadzabe, wanaotegemea uwindaji, matunda, mizizi na asali, na Wadatoga, mashuhuri kwa ufugaji na uhunzi. Mang'ola yenyewe ni kitovu cha kilimo cha vitunguu kinachotegemea chemchemi, na mgeni anayependa kuona mfereji wa maji unavyogeuza jangwa kuwa shamba ana mengi ya kujifunza. Katika vijiji vya Wairaqw kuzunguka mji, wenyeji huwaonesha wageni ujenzi wa nyumba za asili zilizozama ardhini, zilizokusudiwa kuficha watu na mifugo dhidi ya wavamizi.

Maeneo haya yote yanaunganishwa na hadhi moja. Mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliitambua Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai, ya kwanza kusini mwa Jangwa la Sahara, inayogusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Wazo la jiopaki ni kwamba mwamba, mlima, mmea, mnyama na binadamu ni hadithi moja, na mgeni aisome hadithi hiyo yote, asiishie kwenye ukurasa mmoja wenye picha ya simba.

Mtanzania na gharama ya safari

Serikali imekuwa ikihamasisha wananchi kutembelea vivutio vya nchi yao. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni sehemu ndogo sana ya kile anacholipa mgeni wa nje kwa dola. Pamoja na hayo, familia nyingi huona Ngorongoro ni mahali pa wengine. Ni vyema kusema wazi kwa nini.

Kikwazo kikubwa mara nyingi ni usafiri wa baada ya lango. Barabara za kuteremka na kupanda Kreta zinahitaji gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne na dereva aliyezoea miteremko. Familia ya watu wanne inayokodi gari kama hilo peke yake hubeba gharama inayozidi viingilio vyao vyote kwa mbali. Kikundi cha watu sita au saba wakigawana gari moja, hesabu hubadilika. Ndiyo sababu safari za vikundi vya kazini, vikoba, shule, kwaya na jumuiya za wahitimu ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kufanikiwa, na ndizo ambazo halmashauri na kampuni za usafirishaji zinapaswa kuzilenga.

Kikwazo cha pili ni mazoea. Likizo ya Mtanzania wa kawaida ni ya kwenda kuwaona wazazi kijijini, na desturi hiyo ni njema. Haihitaji kuvunjwa ili utalii ukue. Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Mbulu, Babati au Musoma kwa ajili ya Krismasi au mapumziko ya Juni anaweza kuongeza siku moja Karatu. Siku hiyo moja, ikizidishwa kwa maelfu ya wasafiri, ndiyo inayoweza kumpa mhudumu wa nyumba ya wageni ajira katika miezi ambayo ndege kutoka ng'ambo hazijajaa.

Hoja ya tatu inahusu wakati. Mtanzania hafungwi na kalenda ya Ulaya. Kati ya Januari na Machi, nyumbu huzaa katika nyanda fupi za majani za Ndutu, zilizo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro na kuvuka hadi Serengeti. Novemba, baada ya mvua za vuli kuanza, vumbi hutulia na milima ya Karatu huwa ya kijani. Hata Aprili, ambapo njia za udongo huwa ngumu, Kreta huwa na magari machache na makumbusho ya Oldupai huwa na utulivu. Msafiri wa ndani akisaidiwa kuelewa hili, atajaza miezi ile ambayo mgeni wa nje huiacha wazi. Hapo ndipo kipato cha msimu kinapoanza kufanana na mshahara.

Inafaa pia kutazama mbele. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zitakuwa wenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Arusha imejengewa matumaini makubwa kupitia uwanja mpya. Mashabiki wa mpira hawasafiri kama watalii wa kawaida. Wana siku mbili au tatu kati ya mechi, bajeti ya wastani na hamu ya kuona kitu karibu. Karatu, iliyo takribani kilomita 140 kutoka Arusha, inaweza kuwa jibu lao iwapo vyumba vya bei ya kati, usafiri wa pamoja na maelezo ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vitaandaliwa mapema.

Mipaka ambayo haiwezi kuvukwa

Kuongeza wageni si jambo la kusherehekewa bila masharti. Ngorongoro iliwahi kuwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kuanzia mwaka 1984 hadi 1989. Ilitolewa katika orodha hiyo baada ya juhudi za uhifadhi, na mwaka 2010 hadhi yake, iliyotolewa kwanza mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile yake, ikapanuliwa kujumuisha urithi wa kitamaduni. Historia hiyo inafundisha kwamba hadhi hupatikana kwa jitihada na huweza kupotea kwa uzembe.

Chini ya Kreta, mimea vamizi imekuwa ikigombea nafasi na nyasi zinazoliwa na wanyama. Magari mengi yakijikusanya kumzunguka faru au simba mmoja humfukuza mnyama na kuharibu majani pembeni ya njia. Mwezi Desemba 2019 Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilitangaza kifo cha faru Fausta, aliyefikisha umri wa miaka 57. Umri huo mrefu unaonesha kwamba ulinzi wa karibu unazaa matunda. Unaonesha pia kwamba kila faru mweusi anahesabika, anajulikana na hana mbadala wa haraka.

Suala la maji lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Karatu. Msitu wa Nyanda za Juu Kaskazini, unaozunguka miteremko ya Ngorongoro na Oldeani, ndio unaokamata ukungu na mvua na kulisha chemchemi zinazotegemewa na mashamba, mji na hata wakulima wa vitunguu wa Mang'ola. Hoteli yenye bwawa la kuogelea, bustani ya kahawa, kaya yenye ng'ombe watatu na mfereji wa kitunguu vyote vinakunywa kutoka chanzo kimoja. Kila uwekezaji mpya wa utalii wilayani unapaswa kupimwa kwanza kwa swali la maji: unatumia kiasi gani, unayarudishaje, na nani atakosa.

Ndiyo maana njia ya busara ni kuwatawanya wageni badala ya kuwarundika. Mgeni mmoja anayepelekwa Olmoti, Endoro au Mang'ola asubuhi ni gari moja pungufu kando ya bwawa la viboko la Ngoitokitok. Kutawanya kuna faida mbili kwa pamoja: Kreta inapumua, na kijiji ambacho hakikuwa kikiona mtalii kinapata kiingilio, mwongozaji na mteja wa bidhaa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ndiyo kipimo sahihi cha utalii wa eneo hili, na haiwezi kujadiliwa kwa uaminifu bila kugusa suala la wakazi wa ndani ya hifadhi.

Sheria iliyoanzisha Hifadhi ya Ngorongoro mwaka 1959 iliweka mfumo wa matumizi mseto ya ardhi: uhifadhi, utalii na maendeleo ya jamii ya wafugaji katika eneo moja. Tangu wakati huo idadi ya wakazi imeongezeka kutoka maelfu machache hadi takribani laki moja, na mahitaji ya shule, zahanati, chakula na malisho yameongezeka vilevile. Mwezi Juni 2022 kaya za kwanza zilianza kuhamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali inaueleza kuwa wa hiari. Baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu waliupinga, wakilalamikia namna ulivyotekelezwa na kuzorota kwa huduma kwa waliobaki. Desemba 2024 Rais Samia alikutana na viongozi wa jamii ya Wamasai jijini Arusha na kuahidi kuunda tume mbili, moja kuhusu masuala ya ardhi na nyingine kuhusu utekelezaji wa uhamaji huo. Tume hizo zilizinduliwa Februari 2025.

Kwa mchambuzi wa utalii, funzo liko wazi. Mgeni huja Ngorongoro kuona mahali ambapo mfugaji na pundamilia wamekuwa wakipishana kwenye mteremko mmoja. Uhusiano huo ukiharibika, hata kivutio kinapungua thamani. Suluhisho linalodumu litakuwa lile ambalo wakazi wenyewe wameshiriki kulitafuta na wanaona nafasi yao ndani yake.

Kwa kiwango kidogo zaidi, kanuni hiyo hiyo inahusu ziara za kitamaduni. Kaya ya Wahadzabe si maonesho. Mgeni aingie akiwa na mwongozaji wa eneo husika, alipe kupitia utaratibu wa kijiji ili fedha isiishie kwa dalali, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na asigawe pombe wala pipi. Aliyekaribishwa nyumbani kwa mtu hana haja ya kufundishwa zaidi ya hapo.

Anachopaswa kujua msafiri

Mwananchi anayepanga safari katika msimu huu azingatie mambo machache ya msingi. Kwanza, athibitishe viwango vya sasa vya tozo kutoka Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro kabla ya kuondoka, kwa kuwa hubadilika, na achukue namba ya kumbukumbu ya malipo mapema. Malipo hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki wa Serikali, na anayeombwa fedha taslimu mkononi ana haki ya kukataa. Pili, abebe kitambulisho cha Taifa, kwani bila uthibitisho wa uraia hawezi kupewa kiwango cha raia.

Tatu, avae nguo nzito. Wapo wanaofika ukingoni mwa Kreta alfajiri ya Julai wakiwa na fulana kwa kuwa wamezoea joto la pwani, na wakamaliza asubuhi wakitetemeka ndani ya gari. Nne, aheshimu muda. Shughuli za Kreta huanza saa 12 asubuhi na magari hutakiwa kuwa yametoka kufikia saa 12 jioni, hivyo anayelala Karatu ana nafasi nzuri zaidi ya kuwahi kuliko anayetoka Arusha. Tano, asishuke garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa, na anapokula Ngoitokitok afunike chakula chake, maana mwewe wa hapo wana ujuzi wa kunyakua mkate kutoka mkononi.

Sita, asibebe mifuko ya plastiki, iliyopigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na asitupe hata kipisi cha sigara. Kiangazi ni majira ya moto, na moto ulioanzia pembeni ya njia hauulizi mpaka wa msitu. Saba, kwa matembezi yoyote ya miguu ndani ya hifadhi, atumie askari wa uhifadhi aliyepangiwa. Njia ya Endoro ni ya nyati na tembo kabla ya kuwa ya watalii.

Kazi iliyobaki

Mazingira ya kukua kwa utalii Karatu na Ngorongoro yapo. Wageni wanakuja, barabara kuu ipo, hadhi ya kimataifa ipo, na hadithi ya eneo haina mfano. Kilichobaki ni kazi za kawaida zinazohitaji usimamizi wa kila siku: alama za barabarani kuelekea Eyasi na Endoro, waongozaji wa vijiji waliosajiliwa na kufundishwa, usafiri wa pamoja kwa wazawa, masharti ya matumizi ya maji kwa hoteli, na mikataba kati ya hoteli na wakulima ili nyanya ya Rhotia iliwe Rhotia kabla ya kutafutwa Arusha.

Kazi hizo zinagusa Wizara, Mamlaka ya Hifadhi, Halmashauri ya Wilaya, wawekezaji na serikali za vijiji, na mwananchi ana haki ya kuuliza kila mmoja wao amefikia wapi. Naye ana wajibu wake. Oktoba itakapokwisha na magari ya wageni kupungua, vyumba vya Karatu vitakuwa wazi, bei zitashuka na milima itaanza kurudisha rangi yake. Hapo ndipo Mtanzania atakapopata nafasi ya kuiona nchi yake kwa utulivu, na mhudumu wa Karatu atakapojua kama ana kazi hadi Juni ijayo.